Kuikalisha Injini Ngeni Ndani ya Gari

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kazi moja ya mafundi wa magari ambayo huonekana ndogo, na kwa kuwa huonekana ndogo, mara nyingi hufanywa mwisho na kwa haraka. Nayo ni kazi ya kutengeneza mauntingi, yaani viegemeo ambavyo injini hukaa juu yake, pale injini ya gari moja inapotiwa ndani ya gari jingine ambalo halikuumbiwa injini hiyo.

Wasikilizaji wa Bariadi na Maswa hawahitaji kuambiwa kwa nini kazi hii ipo. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 ukiwa na wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, ni nchi ya pamba. Na pamba ikiisha kuchumwa haina budi kutoka shambani kwenda ghalani, na kutoka ghalani kwenda kiwandani, kabla mvua haijarudi. Barabara kuu itokayo Mwigumbi, ikapita Maswa na Bariadi hata ikafika Lamadi, ni njema. Lakini mashamba hayako kando ya barabara kuu peke yake. Mengi yako mbali ndani, na njia za kuyafikia zapita katika mbuga, yaani ule udongo mweusi wa mfinyanzi ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mguu, na wakati wa masika hushika gurudumu kama ulimbo. Gari lifaalo huko ni lile lenye nguvu katika magurudumu yote manne, na magari mengi ya namna hiyo ni ya zamani.

Basi huja siku ambapo bodi ni zima, ekseli ni nzima, giaboksi yafanya kazi, lakini injini imechoka kabisa. Vipuri vya injini ya asili havipatikani, au vyapatikana kwa bei isiyolingana na thamani ya gari lenyewe. Wakati huo huo injini za dizeli zilizokwisha kutumika Japani zauzwa Dar es Salaam na Mwanza. Mwenye gari huuza ng'ombe, hununua injini, huipakia juu ya lori, na huifikisha gereji akisema, “Fundi, nataka hii ikae mle.” Fedha za ng'ombe wale zitadumu au zitapotea kwa ajili ya vipande vichache vya chuma na vya mpira ambavyo fundi atavitengeneza kwa mikono yake.

Wala mtu asidhani kwamba kubadilisha injini ni kazi ya kubahatisha tu. Viwanda vyenyewe vimefanya hivyo. Katika miaka ya 1980 Land Rover zilizoundwa Australia, zikiwamo zile za jeshi la nchi hiyo, zilitiwa injini ya dizeli ya Isuzu ya lita 3.9, nazo zikasifiwa sana kwa kudumu kwake. Tofauti iliyopo kati ya kiwanda na gereji si ujasiri, bali ni vipimo.

Tuanze na swali ambalo wengi hulipita: mauntingi ni ya nini? Ukimwuliza kijana anayejifunza kazi, atajibu kwamba ni ya kubeba injini. Jibu hilo ni nusu ya kweli. Injini ya dizeli ya silinda 4 pamoja na giaboksi yake yaweza kufika kilo 300, na uzito huo lazima ubebwe. Lakini uzito uliotulia ni mzigo mwepesi kuliko yote. Mauntingi ina kazi mbili nyingine zilizo ngumu zaidi: kuzuia mtikisiko wa injini usifike kwenye chasisi, na kuikinza injini inapotaka kujipindua.

Juu ya mtikisiko, yafaa kukumbuka kwamba magari ya kwanza hayakuwa na mpira chini ya injini. Injini ilifungwa kwa bolti juu ya chasisi, chuma kwa chuma, na dereva alitetemeka pamoja nayo tangu asubuhi hata jioni. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitoa gari la Plymouth ambalo injini yake ya silinda 4 iliketi juu ya mipira, moja mbele kwa juu na nyingine nyuma kwa chini, ili injini iweze kucheza kidogo kwa kufuata mhimili wake yenyewe. Mwaka uliofuata Citroën wa Ufaransa walinunua haki ya kutumia ubunifu huo. Tangu wakati ule karibu kila gari duniani lina mpira kati ya injini na chasisi.

Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 700 kwa dakika, yaani mwendo wa kusimama, huwaka mara 1,400 katika dakika hiyo, au mara 23 hivi katika kila sekunde. Kila kuwaka ni pigo. Mpira ulio laini vya kutosha huyameza mapigo hayo. Mpira mgumu huyapitisha. Na mahali pasipo mpira, pigo hufika lote kwenye chasisi. Rejeta huanza kuvuja kwenye viungo vyake, nati hulegea, na breketi hupasuka kando ya mstari wa kuchomelea. Kwa hiyo fundi anayeichomelea injini moja kwa moja kwenye chasisi, akimwambia mteja, “Mzee, hii haitatoka kamwe,” amesema neno ambalo chuma chenyewe kitalikanusha.

Sasa tuje kwenye kujipindua, maana hapa ndipo penye hatari. Tuchukue injini yenye nguvu ya kuzungusha ya newton-mita 200. Ni sawa na kutundika uzito wa kilo 20 kwenye ncha ya fimbo yenye urefu wa mita 1. Gia ya kwanza huzidisha nguvu hiyo mara 3 na nusu hivi, ikawa kama kilo 70 kwenye ncha ya fimbo ile ile. Na kadiri giaboksi inavyoisukuma propela kuzunguka upande mmoja, ndivyo giaboksi na injini zinavyosukumwa kuzunguka upande wa pili. Tuseme, kwa wepesi wa hesabu, kwamba mauntingi mbili za mbele ndizo zinazokinza nguvu hiyo yote, na kwamba ziko mbali sentimita 60. Basi moja itakandamizwa chini kwa kilo 115 na zaidi, na ya pili itavutwa juu kwa kilo zizo hizo. Uzito wa injini unaoketi juu ya kila moja labda haupiti kilo 100. Maana yake ni kwamba upande mmoja injini hainuki tu, bali huvuta.

Na hiyo ni gia ya kwanza katika njia kavu. Gari likizama katika mbuga, dereva huingiza gia nzito ya magurudumu yote manne, ambayo huzidisha nguvu tena mara 2 na zaidi. Mvuto ule wa kilo 115 wapita kilo 230. Hapo gari limesheheni marobota, magurudumu yameshikwa, injini yanguruma, na mpira wa upande mmoja wataka kuchanika. Mauntingi haivunjiki barabarani Lamadi. Huvunjika matopeni, siku ambayo hakuna wa kusaidia.

Ikichanika hutokea nini? Dunia ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mwezi wa Desemba 1971 kampuni ya General Motors ya Marekani ilikubali kuyarudisha gereji magari ya Chevrolet zaidi ya milioni 6 na nusu, mengi yakiwa yameundwa katika miaka ya 1960, kwa sababu mpira wa mauntingi uliweza kuachana na chuma chake. Injini ikainuka upande mmoja, na katika kuinuka ikavuta fito za mafuta. Mafuta yakafunguka, nguvu ikaongezeka, na kwa kuongezeka nguvu injini ikainuka zaidi. Dereva aliona gari linakimbia bila amri yake. Dawa iliyotiwa ilikuwa rahisi: waya imara wa kuizuia injini isiinuke hata kama mpira umekwisha. Kwa hiyo twasema kwamba mauntingi iliyotengenezwa gereji haijakamilika mpaka iwe imeundwa hivi kwamba, mpira ukichanika, chuma kitaishika injini mahali pake. Ama bolti ipite katikati ya mpira ikiwa na washa pana juu na chini, ama uwekwe mnyororo mfupi usiokazwa upande ule unaovutwa. Mnyororo huo ni kitu cha bei ndogo, na hatujaona sababu njema ya kuuacha.

Sasa kuhusu idadi. Mwanamke anayepika ajua kwamba mafiga ni matatu. Chungu juu ya mafiga matatu hakiyumbi hata kama ardhi si sawa. Ongeza figa la nne, na moja litabaki halina kazi. Chasisi ya gari ni ardhi isiyo sawa: gurudumu moja likipanda na jingine likishuka, chasisi yote hujinyonga. Ndiyo maana magari mengi yana mauntingi mbili mbele na moja nyuma chini ya giaboksi. Land Rover za kale zina nne, mbili mbele na mbili nyuma, lakini zaweza kuvumilia hivyo kwa sababu ya mipira tu. Mahali pa mipira pakitiwa chuma kitupu, masikio ya injini hukatika.

Tukifika kwenye kazi yenyewe, jambo la kwanza ni kujua nani anatawala. Watu hudhani ni injini. Sivyo; ni giaboksi na propela. Ikiwa giaboksi ya asili yabaki, nayo imo katika mauntingi zake, basi mahali pa injini pamekwisha kuamuliwa: injini hufungwa kwenye giaboksi kwa bamba la kuunganishia, lililochongwa kwa mashine hata katikati yake ikalingana barabara, kisha hutundikwa mbele, na fundi hutengeneza mauntingi mbili tu za kuikuta pale ilipo. Ikiwa injini yaja na giaboksi yake, hapo kazi ni kubwa zaidi, maana mwelekeo wa giaboksi lazima ulingane na mwelekeo wa difu. Propela ina kiungo cha msalaba katika kila mwisho, na pembe za viungo hivyo viwili zapaswa kuwa sawa. Zikiwa si sawa, propela huzunguka kwa kusitasita, na gari hutetemeka kwa namna ambayo mwenye gari ataisingizia magurudumu kwa mwaka mzima.

Injini na itundikwe kwa cheni bloku katika fremu ya chuma. Twajua kwamba mwembe ulio nyuma ya gereji umeinua injini nyingi, lakini tawi halitangazi siku litakapokatika. Ikiwa imetundikwa, isogezwe polepole, na kila upande utazamwe kabla ya kukata chuma cho chote. Chini, je, sampu iko mbali na ekseli? Asipime gari likiwa limesimama tu, bali akumbuke kwamba ekseli ya mbele hupanda gari linapoanguka shimoni; basi na aipandishe kwa jeki mpaka iguse kizuizi chake, kisha apime. Mbele, kati ya feni na rejeta ibaki nafasi ya sentimita 2 na nusu, maana injini husogea mbele gari linaposimama ghafula. Upande wa dereva pana boksi la usukani. Upande wa ekzosi pana joto, na mpira wala mrija wa breki usikae karibu na joto hilo. Tena, na hili husahauliwa sana, je, chujio la mafuta laweza kufunguliwa? Je, stata yaweza kutolewa bila kuishusha injini? Tumeona magari ambayo kubadili chujio la shilingi chache kwahitaji kazi ya siku nzima.

Ndipo zije breketi. Kwanza zikatwe kwa boksi la karatasi nene, zipimwe, zirekebishwe; karatasi haigharimu kitu. Mpira wenyewe ni heri uwe ule uliokuja na injini, au mpya wa namna hiyo hiyo, kwa sababu aliyeiunda injini alikwisha kuupima kwa uzito wa injini yake. Fundi atengeneze chuma kinachotoka kwenye mpira kwenda kwenye chasisi, asibuni mpira. Vipande vilivyokatwa katika matairi ya lori ni vigumu mno, maana ndani yake mna nyuzi zilizowekwa makusudi ili tairi lisinyumbuke. Tena mpira wa kawaida huozeshwa na mafuta. Kibati kidogo juu yake, cha kukinga dizeli inayodondoka kutoka kwenye pampu, huurefushia maisha.

Mpira ukiwekwa kwa mshazari, upande huu ukiinama kuelekea ule, kama paa la nyumba lililogeuzwa, kazi huwa njema zaidi. Sababu ni kwamba mpira ukikandamizwa huwa mgumu, na ukisukumwa kwa ubavu huwa laini. Kwa mshazari huubeba uzito kwa ugumu wake, na huiacha injini icheze kwa ulaini wake.

Juu ya chuma twataka kusema kwa mkazo, maana hapa mafundi hodari hukosea kwa sababu ya uhodari wao. Kipande cha springi ya lori kina nguvu sana, nacho kimelala bure katika kila gereji. Basi huchukuliwa kikafanywa breketi. Lakini chuma cha springi ni kigumu kwa sababu ya kaboni iliyomo na kwa namna kilivyopikwa. Kikichomelewa, sehemu iliyo kando ya mstari wa kuchomelea hugeuka kuwa kavu kama kigae, na hupasuka kwa mtikisiko bila kupinda kwanza wala kutoa onyo. Nondo za kujengea nazo si za kuaminiwa katika kazi hii. Bamba la chuma laini, lenye unene wa milimita 6, ambalo hupinda kwa nyundo na hukatwa kwa msumeno bila shida, ndilo lifaalo. Ubavu wa pembe tatu ukichomelewa chini yake huliongezea nguvu kuliko kuongeza unene. Bolti nazo ziwe zile zilizoandikwa 8.8 juu ya kichwa, pamoja na nati zisizolegea.

Chasisi ya Land Rover ya kale ni boksi la mabamba membamba, unene wake milimita 2 hivi. Kuchomelea bamba la milimita 6 moja kwa moja juu ya ukuta wa namna hiyo ni kama kushona kipande cha turubai juu ya kanga: kanga itachanika kandokando ya mshono. Kwa hiyo kwanza huwekwa bamba la katikati, la milimita 3 au 4, pana, pembe zake zikiwa za mviringo, likachomelewa kwa kufuata urefu wa chasisi na si kwa kuikata kwa kipande. Kisha breketi hukaa juu ya bamba hilo. Bolti ikipita ndani ya boksi la chasisi, hutiwa bomba dogo ndani ili kukaza nati kusiibonyeze chasisi.

Kabla ya moto kuwashwa, rangi na kutu vikwanguliwe hata chuma king'ae, mipira iondolewe isiungue, waya za betri na za altaneta zifunguliwe, na kibanio cha ardhi cha mashine kikae karibu kabisa na mahali pa kazi, ili umeme usitafute njia kupitia beringi za injini. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Mwanzo breketi zishikizwe kwa nukta chache tu, injini iteremshwe, vipimo virudiwe. Kisha itolewe tena ndipo zichomelewe kabisa. Fundi mwenye haraka huona kutoa injini mara ya pili ni hasara ya nusu siku. Na matundu ya bolti yakikatwa marefu kidogo upande wa chasisi, yatasamehe kosa la milimita chache.

Kazi ikiisha, jaribio lake ni hili. Magurudumu yazuiwe kwa mawe, breki ya mkono ivutwe, boneti ifunguliwe. Mmoja akae kwenye usukani, aingize gia ya kwanza, aachie klachi kidogo kidogo mpaka gari litake kwenda. Mwingine asimame ubavuni, kamwe asisimame mbele, akiitazama injini. Ikiinama sentimita 1 au 2 kisha ikarudi, ni vyema. Isipoinama kabisa, mpira ni mgumu mno au chuma chagusa chuma mahali fulani. Ikiinuka sana, na waya wa mafuta ukavutika nayo, gari lisitoke gereji.

Kadi ya gari huandikwa namba ya injini. Injini ikibadilishwa, mwenye gari hana budi kwenda Mamlaka ya Mapato na hati za ununuzi wa injini mpya ili namba irekebishwe. Asipofanya hivyo atapata taabu siku ya kukaguliwa na polisi au siku ya kuuza.

Baada ya wiki ya kwanza njiani, gari lirudi kwa fundi. Bolti zikazwe tena, maana mpira mpya hukaa chini kidogo. Kila mstari wa kuchomelea ufutwe kwa kitambaa na kutazamwa kwa tochi, hasa kwenye pembe. Penye ufa rangi huachia mstari mwembamba, na kando yake hutokea vumbi jekundu la kutu, jembamba kama unga. Mahali palipoonekana vumbi hilo pasichomelewe juu kwa juu, bali pakwanguliwe mpaka ufa wote uonekane mwisho wake, utobolewe tundu dogo kwenye ncha ili usiendelee, ndipo uzibwe kwa moto.